Bureti ya Siku ya Mtihani: Waraka kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia, mimi mwalimu mstaafu wa Fizikia na Kemia. Nilisimama mbele ya ubao kwa miaka 33 katika shule za sekondari za serikali, na miaka ya mwisho nilikuwa shule ya kata mkoani Morogoro. Sina chama ninachokisemea, wala cheo ninachokiwinda katika umri huu. Nina swali moja, ambalo nimelisikia likiulizwa bungeni, kwenye makongamano na redioni: je, Tanzania inaandaa wanasayansi na wahandisi wa kutosha?

Kila linapoulizwa, serikali hujibu kwa idadi. Wanafunzi kadhaa wamedahiliwa, kadhaa wamehitimu, maabara kadhaa zimejengwa, shilingi bilioni kadhaa zimetengwa. Sizikatai takwimu hizo, ila swali lenyewe hubaki pale pale. Mwanasayansi hapatikani kwa kusajiliwa. Anapatikana kwa kushika kitu, kukipima, kukiharibu na kukirudia, mpaka mkono wake ujue kile ambacho kichwa kimeambiwa. Ukitaka kujua kama tunao wa kutosha, fuatilia mkono wa mtoto mmoja kuanzia kidato cha kwanza hadi siku anapoitwa mhandisi, uhesabu umepewa kazi mara ngapi. Mimi nimefuatilia mikono ya mamia ya watoto, na hesabu niliyoipata inaninyima usingizi.

Naomba nikueleze mkono mmoja tu.

Alikuwa binti, wa kwanza darasani kwa Kemia. Kanuni ya molariti aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Ukimpa hesabu ya asidi na alkali kwenye karatasi, anaimaliza wenzake wakiwa bado wanaandika tarehe. Shule yetu ilikuwa na bureti mbili nzima kwa watahiniwa zaidi ya 40. Jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, nyingine tuliziazima shule jirani, zikaja kwa bodaboda zimefungwa ndani ya kanga ili zisivunjike. Asubuhi yake ndipo binti yule aliposhika bureti kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa pembeni, kwa kuwa mwalimu wa somo ndiye anayeandaa vifaa na kemikali, na haruhusiwi kufungua mdomo. Nikamwona ananyanyuka kwa ncha za vidole kusoma kipimo kwa juu, badala ya kushusha chombo kilingane na macho. Nikamwona anaikamata koki kwa mikono miwili, anaifungua, na ile asidi inashuka yote kwa mkupuo. Rangi ikapita pale ilipotakiwa kusimama. Akaanza upya, ikapita tena. Mara ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka.

Alipata D ya Kemia. Kwa alama hiyo hakuweza kuchaguliwa tahasusi za sayansi zenye Kemia, PCB wala CBG, akapangiwa tahasusi ya sanaa. Kwenye vitabu vya wizara amefaulu. Kwenye daftari langu nimeandika kwamba siku ile nchi ilipoteza mkemia, na ilimpoteza kwa kukosa bureti.

Mheshimiwa, siandiki kukana mema yaliyofanyika. Tangu Januari 2016 wazazi hawalipi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita nacho ni bure. Shule za sayansi za wasichana za mikoa, 26 kwa mpango, zimejengwa na zinaendelea kupokea wanafunzi. Upo ufadhili wa masomo wenye jina la Rais Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Nimeyaona hayo, na nimewaona watoto wa maskini waliopita katika mlango huo. Ninachosema ni kwamba tumekuwa hodari wa kujenga chumba, na wazito wa kukijaza.

Unakumbuka kampeni ya maabara. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia, ikawekwa tarehe ya mwisho Novemba 2014, ikasogezwa hadi Juni 2015. Nilikuwepo. Wazazi walichangishwa, mwenye fedha kwa fedha, asiye nazo kwa mchanga, kokoto na nguvu zake. Wakuu wa wilaya walipimwa kwa idadi ya kuta zilizosimama. Kuta zikasimama. Shuleni kwetu chumba cha Fizikia kilipata sinki lisilo na bomba, meza za zege, na makabati manne. Miaka iliyofuata kikawa darasa, maana elimu bila ada ilileta watoto wengi na vyumba vilikuwa vichache. Mzazi aliyebeba kokoto kichwani alikuwa ameahidiwa mtoto wake atapima, atachanganya, ataona. Hakuahidiwa darasa jingine la kunakili.

Na hata pale ambapo vifaa vipo, nani anaviandaa? Fundi sanifu wa maabara ni mtu ambaye shule nyingi za kata hazijawahi kumwona. Mwalimu mmoja wa Fizikia ana mikondo yote kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, vipindi vyake havihesabiki kwa vidole, na bado anatakiwa kupima kemikali, kuosha vyombo, kukarabati ameta na kuandika vifaa vilivyovunjika. Anachofanya ni kile nilichokifanya mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: anachora vernia kalipa ubaoni na kuwaambia watoto wasome kipimo kutoka kwenye mchoro. Nilifundisha vernia kwa chaki. Ilikuwepo hata mitihani ya mbadala wa vitendo, ambapo mtoto aliandika kwenye karatasi matokeo ya jaribio ambalo hakulifanya. Nchi iliyomzoesha mtoto kuripoti asichokiona isishangae baadaye ikiletewa ripoti za miradi zilizoandikwa ofisini.

Hisabati nayo ni jeraha la zamani. Mwaka hadi mwaka, katika matokeo ya kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati huzunguka kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Maana yake angalau watatu katika kila wanne wanaondoka shuleni bila ufunguo wa mlango wa uhandisi, kabla hata hatujaanza kuzungumzia vyuo vikuu. Kila matokeo yakitoka tunawasifu waliofaulu Kiswahili, tunasikitikia Hisabati, tunafunga ukurasa. Mheshimiwa, kama hospitali ingekuwa inapoteza wagonjwa watatu kwa kila wanne katika wodi moja, wodi hiyo ingefungwa ichunguzwe. Sisi wodi yetu ya Hisabati iko wazi kwa miongo, na daktari wake ni mwalimu mmoja mwenye wanafunzi 90.

Hao walimu tulijaribu kuwapata kwa haraka. Mwaka 2014 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa Sayansi, Hisabati na TEHAMA, kwa vijana waliotoka kidato cha nne. Niliwashauri wanafunzi wangu wawili waombe, wakapata. Mei 2016, wahadhiri waliposusa kufundisha programu hiyo kwa sababu ya malipo, vijana zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni. Wakajaa vituo vya mabasi na masanduku yao. Kisha wakabebeshwa hadharani jina la vilaza. Baadaye wenye sifa walihamishiwa vyuo vya ualimu, lakini jina hilo halikuhamishwa. Nakuuliza kwa adabu: walioitunga programu, walioipitisha na walioiacha bila fedha za wahadhiri, waliitwa nani? Ukimtukana kijana aliyekubali wito wako wa kufundisha Hisabati kijijini, usitarajie mdogo wake auitike mwaka unaofuata.

Wapo wanaosema watoto wetu hawana kipaji cha sayansi. Hao nawakumbusha Lushoto. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombea, akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaibeba hoja yake hadi Mkwawa, Iringa, wenzake wakamcheka. Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, profesa wa Fizikia kutoka Dar es Salaam, Mpemba akasimama akamuuliza. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza jambo hilo lipimwe. Mwaka 1969 majina ya wawili hao yakachapishwa pamoja katika jarida la Fizikia, na hadi leo wanafizikia wa mataifa makubwa wanabishana juu ya kile wanachokiita athari ya Mpemba.

Hebu tazama kilichohitajika pale. Jokofu ambalo wanafunzi waliruhusiwa kulifungua, na mtu mzima mmoja aliyekubali kupima kabla ya kukataa. Basi. Hapakuhitajika jengo la ghorofa. Na uone pia tulivyomtumia: Mpemba alifanya kazi katika wanyamapori, kazi ya heshima, aliifanya vizuri. Lakini taifa ambalo jina la mwanafunzi wake limo katika vitabu vya Fizikia duniani lingemjengea walau maabara moja ya shule yenye jokofu linalofanya kazi.

Kuna pia suala la lugha, nalo nitaligusa tu maana limeandikwa sana. Nilikuwa na kijana wa bonde la Kilombero, mtoto wa mvuvi. Kanuni ya Archimedes aliikariri kwa Kiingereza kama aya, neno kwa neno, na nilipomuuliza maana yake akaitazama sakafu. Nikamuuliza kwa Kiswahili: mtumbwi wa baba yako ukipakiwa magunia, unafanyaje? Akanieleza kwa dakika tano, mpaka na tofauti ya mtumbwi mpana na mwembamba, na kwa nini gunia likidondoka mtoni huonekana jepesi hadi litoke majini. Alikuwa anaijua kanuni tangu utotoni. Tulichomfundisha sisi ni kuisahau. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya uchunguzi wa Kiswahili, kilichapisha kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo tangu hapo. Kilichobaki ni uamuzi, na uamuzi hauko mikononi mwa walimu.

Sasa tumchukue yule aliyeponea yote hayo, akafaulu, akafika chuo kikuu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na waliokianzisha walijua wanachokifanya: mafunzo kwa vitendo yalikuwa sehemu ya shahada, wala hayakuwa pambo. Na mahali pa kwenda palikuwepo. Ukienda Ubungo kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki na kile cha zana za kilimo, Arusha kulikuwa na General Tyre, Moshi kulikuwa na Kilimanjaro Machine Tools, Mbeya kulikuwa na kiwanda kingine cha zana za kilimo, ZZK. Kijana alikuwa anarudi chuoni na mafuta ya mashine kwenye kucha. Viwanda vile, kuanzia miaka ya 1990, vingi vilifungwa au vikadhoofika, tukabaki na barua ya kuomba nafasi ya field isiyo na pa kupelekwa. Idadi ya vyuo na wanafunzi ikaongezeka wakati idadi ya karakana inapungua. Hesabu hiyo hata wanafunzi wangu walioshindwa Hisabati wangeiona tatizo lake.

Mmoja wa wanafunzi wangu hodari alisomea uhandisi wa umeme. Wiki zake nane za field mwaka wa pili alizimaliza kwenye ofisi moja akipiga fotokopi na kupeleka mafaili. Alipohitimu akajiandikisha kama mhandisi mhitimu, kwa kuwa kisheria huwezi kuitwa mhandisi mtaalamu mpaka ufanye kazi chini ya uangalizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa kuwashika mkono wahitimu kwa miaka mitatu, SEAP, tangu 2003. Katika yote niliyosoma kuhusu elimu yetu, huu ndio mpango ninaouheshimu kuliko mingine, maana umekubali ukweli kwamba cheti hakijamaliza kazi. Tatizo ni kwamba nafasi zake hazijawahi kuwatosha wanaohitimu. Kijana wangu alisubiri, akaomba, akasubiri tena.

Leo ana kibanda cha wakala wa miamala ya simu kando ya barabara. Mwezi mmoja uliopita nilipita kutoa fedha ya pensheni. Juu ya nguzo mkabala na kibanda chake kuna transfoma. Akaniambia, "Mwalimu, hebu usikie ule mlio. Si wa kawaida. Jioni watu wakiwasha majiko unabadilika." Kisha akafungua daftari lake la miamala, akaligeuza nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa na jedwali lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, mlio, mwanga wa taa ya kibanda. Safu nne, wiki sita, bila kuruka siku. Ni jedwali lile lile nililomfundisha kulichora kidato cha pili tulipopima penduli kwa uzi na jiwe, tukihesabu muda kwa saa ya simu yangu. Nilishindwa kumtazama usoni. Mheshimiwa, huyu ni mmoja wa wahandisi ambao wizara yako inawahesabu inaposema tumeandaa wengi. Amehesabiwa, lakini hajapewa waya hata mmoja wa kuushika.

Usidhani ni mkosi wa mtu mmoja. Mwaka 2017 serikali ilipanga kupeleka madaktari 500 Kenya. Mpango ulipokwama mahakamani kule, ikaamuliwa kwamba 258 waliokuwa wameomba na wana sifa waajiriwe hapa hapa. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini nikajiuliza swali ambalo bado sijajibiwa. Madaktari hao 258, waliosomeshwa kwa mikopo ya umma, walikuwa wapi siku moja kabla ya tangazo la Kenya? Walikuwa nyumbani, katika nchi ambayo zahanati zake zina foleni hadi nje ya mlango. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama tunaandaa wa kutosha, namjibu kwamba tunaandaa wachache kuliko mahitaji ya nchi na wengi kuliko nafasi tulizokubali kuwalipa. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na serikali imekuwa ikituonesha moja kila inapoulizwa juu ya jingine.

Nifike kwenye miradi mikubwa, maana huko ndiko picha nyingi zinakopigwa. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha umeme mapema 2024 nilishangilia kama Mtanzania yeyote. Lakini rudi nyuma kidogo. Mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, RUBADA, iliundwa kwa sheria ya 1975, na bwawa hilo hilo, wakati huo likiitwa la Stiegler's Gorge, lilikuwa ndani ya ndoto hiyo. Kuanzia 1975 hadi 2018 ni miaka 43. Mtoto aliyezaliwa mwaka RUBADA inaundwa angeweza kusoma hadi udaktari wa uhandisi wa mitambo ya maji, akafundisha kizazi kingine, na mkataba unaposainiwa akawa mkuu wa wabunifu wa bwawa hilo akiwa katika umri bora wa kazi. Mto ulikuwa pale, michoro ilikuwa pale, muda ulikuwa pale. Kilichokosekana ni mtu wa wizarani kuandika kwenye karatasi moja: tutahitaji wahandisi wa aina gani, wangapi, lini, na waanze kusoma mwaka gani.

Na hatukuwa wageni wa jambo hilo. Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, ili ujenzi ukiisha wawepo wa kuiendesha. Wazee wale walikuwa maskini kuliko sisi. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, na mimi mwenyewe nimeipanda, nikafika nikiwa na shati safi. Ninachoomba ni kusomewa hadharani orodha moja: katika kila mkataba wa reli hii, ni Watanzania wangapi walikaa kwenye chumba cha usanifu, walichora nini, na leo wako wapi? Kuajiriwa kumwaga zege ni riziki, siidharau. Lakini ujuzi wa reli uko kwenye meza ya michoro.

Ukweli unanilazimisha kusema pia lililo jema. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025, lilijengwa na kampuni za China, lakini waliolisimamia ni wahandisi wetu wa TANROADS kupitia kitengo chao cha ushauri, TECU. Kwa hiyo inawezekana. Wapeni kazi halisi, wapeni na lawama yake, watajifunza.

Kwenye gesi tulifanya kinyume chake kabisa. Gesi ya bahari kuu ilipogunduliwa kuanzia 2010, na tukatangaziwa kwamba nchi nzima ina futi za ujazo trilioni 57, vijana walihimizwa wasomee petroli na gesi, vyuo vikafungua shahada. Mtambo wa kusindika gesi uliopangwa Lindi hadi leo haujajengwa. Waliosoma kwa imani ile sasa wana miaka thelathini na kitu. Bwawa tuliliandalia fedha bila watu, gesi tukaiandalia watu bila kazi, na katika yote mawili hakuna aliyeulizwa.

Najua utasema fedha. Nchi za Umoja wa Afrika, nasi tukiwemo, zimekubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujaifikia. Lakini taasisi za kuendeleza viwanda na uhandisi tunazo: TIRDO ipo tangu 1979, TEMDO tangu 1980, SIDO tangu 1973, na kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilishaunda lori la Kitanzania. Hizo ndizo karakana ambazo yule kijana wa transfoma angepaswa kuzunguka katika miaka yake mitatu. Zipo, zina mashine na wataalamu wanaozeeka bila wanafunzi. Kuziunganisha na vyuo kwa nafasi za kudumu, zenye posho ya nauli na chakula, hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji wizara yako na wizara ya viwanda ziketi meza moja na zisiondoke mpaka zimesaini.

Nimefurahi kusikia kwamba sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Februari 2025, imeleta mkondo wa amali sekondari. Nimefurahi, na nina hofu. Hofu yangu ni kuona amali ikifundishwa kwa chaki kama vernia yangu. Kabla ya kuhesabu shule ngapi zimeandikwa kuwa za amali, naomba uhesabu ni ngapi zina fundi wa kufundisha, na mashine ngapi ziko kwenye umeme.

Na ninalo pendekezo moja ambalo halina gharama kubwa. Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, wizara itangaze na safu nyingine ya kila shule: saa ambazo mwanafunzi wa kidato cha nne alizitumia akishika kifaa kwa mkono wake mwenyewe katika miaka minne. Mzazi aione. Mbunge aione. Wewe uione kabla ya kusimama bungeni na makadirio ya bajeti. Nakuhakikishia shule nyingi za kata zitaandika namba ambayo utaisoma mara mbili ukidhani mchapaji amekosea.

Picha za viongozi waliovaa kofia ngumu mbele ya mitambo tunazo nyingi. Naomba moja ya aina nyingine. Njoo shule ya kata yoyote, siku ya kawaida ya masomo, bila msafara na bila taarifa, maana taarifa ikitangulia vifaa huazimwa. Ingia chumba kilichoandikwa Maabara ya Kemia. Mwite mtoto yeyote wa kidato cha tatu, umpe bureti, umwombe akusomee kipimo. Akiinama macho yake yakalingana na maji, mimi nitakuja ofisini kwako Dodoma kwa nauli yangu kukuomba radhi. Akinyanyuka kwa ncha za vidole, basi usisubiri kongamano jingine: peleka fundi sanifu mmoja wa maabara na fungu la vifaa katika kila sekondari ya kata, katika bajeti ya mwaka huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Fizikia na Kemia,
Morogoro